Mwiba Ambao Taraivini Hakuusikia

Nimeona kimbunga kikinyanyua paa zima la kanisa letu kama sahani ya bati. Nimeona nyangumi na mwanawe wakipumua kando ya mwamba mpaka wanawake wote tukaacha kuongea, na hilo si jambo dogo. Lakini kilichonifanya nisahau kwamba nina miguu kilitokea ndani ya tumbo la wifi yangu Taraivini, mke wa kaka yangu Inoke.

Taraivini alikuja kuolewa kwetu, kisiwani Kadavu, akitokea kisiwa kingine, binti wa seremala. Alikuwa na mwili mkubwa na sauti kubwa, na mikono yake ilisuka mkeka wa chumba kizima kabla mimi sijamaliza pembe moja. Nilimpenda, ingawa wifi hapendwi mbele za watu. Wifi anataniwa.

Mtoto wake wa kwanza, Waisake, alikataa kutoka. Siku mbili za uchungu, kisha wakamkimbiza kwa boti ya injini hadi hospitali ya mjini, wakampasua. Mtoto mzima, mama mzima, tukamshukuru Mungu kwa nyimbo. Kovu lenyewe lilipona vizuri, mstari mwembamba chini kabisa ya tumbo, hata mama yangu alilisifu kama anavyosifu mshono wa gauni. Shida ilikuwa ngozi ya juu yake. Kuanzia kovu kwenda karibu na kitovu, mahali pa ukubwa wa kiganja, palikuwa na ganzi. Maji ya moto hayasikii, ya baridi hayasikii, hata umfinye.

"Ni mishipa ya fahamu imekatwa," nesi wa zahanati alimwambia. "Inaweza kurudi, inaweza isirudi. Kizazi hakihusiki kabisa."

Lakini nesi alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, hajazaa hata paka. Nani amsikilize? Tulimsikiliza mama yangu, Makelesi, ambaye mikono yake ilikanda wazazi wote wa kijiji. Alimkanda Taraivini kwa mafuta ya nazi kila asubuhi, miezi mitatu, kisha akapangusa mikono akasema mbele yetu sote, "Hapa hakuna mtu. Ni kama nakanda mlango."

Neno lile lilimkaa Taraivini moyoni. Mwaka ukapita na nusu. Siku moja tunamenya mihogo, akaniambia polepole, "Wifi, tumbo langu limekufa. Inoke anataka nyumba ijae watoto. Meli ya Alhamisi ikija, namchukua Waisake narudi kwetu. Kaka yako aoe mwenye tumbo zima."

"Acha upuuzi wako. Mikeka nitasukiwa na nani?"

"Sitanii, wifi."

Nikamwangalia. Kweli hakuwa anatania.

Siku hizohizo bahari nayo ilikuwa imetunyima. Wiki tatu tunaingia na wavu, wiki tatu tunatoka na majani ya bahari. Na kwetu sababu inajulikana. Wavu ukiwa mtupu kiasi hicho, kati ya wanawake kuna mmoja ana mimba anaificha. Akiitangaza, samaki hawana neno naye. Akiificha, wanakimbia.

Jumanne tukashuka tena wanawake saba, maji kiunoni, kila mmoja kikapu chake amekifunga kwa kamba mbele ya tumbo. Wavu ukaleta tasi wanne, samaki wale wenye miiba ya sumu. Mama akawatia kwenye kikapu cha Taraivini.

"Ajitokeze mwenyewe," Mama akasema. "Nimechoka kula mihogo kwa chumvi."

"Msinitazame mimi," akasema Sereima, mjane wa miaka sitini. "Au labda shemasi alinikonyeza vibaya Jumapili."

Tukacheka mpaka wavu ukalegea. Nikadakia, nikitaka na wifi yangu acheke, "Mtazameni Taraivini alivyonenepa!"

Hakucheka. "Wifi, na wewe? Unajua hali yangu."

Hapo Sereima akapiga kelele. "We! Unatoka damu!"

Mwiba wa tasi ulikuwa umepenya kikapu, ukapenya kitambaa cha sulu alichojifunga kiunoni, ukazama kwenye ngozi juu ya kovu. Mwiba ule, jamani, humlaza mwanamume mzima mchangani akamwita mama yake. Taraivini alikuwa amesimama, anakunja wavu.

"Damu wapi?" akauliza.

Mama akamfungua kikapu, akauchomoa mwiba, akapabana kwa kiganja. "Unasikia?"

"Sisikii."

"Na hivi?"

"Mama, si mlisema wenyewe? Hata ungechoma kisu." Akaanza kulia, mwanamke mkubwa vile, analia kwa sababu hakuumia. Halafu ghafla akaudaka mkono wa Mama. "Sumu! Sumu imeingia ndani! Kuna kitu kinaruka!"

Kiganja cha Mama kilikuwa bado palepale, naye ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ukutani.

"Mwanangu," akasema, "sumu haina miguu."

Sereima akayapiga maji kwa mikono miwili. "Kumbe ni wewe! Wiki tatu unatulisha mihogo na uso huo wa kanisani!"

"Nilikuwa sijui! Waisake bado ananyonya, damu haijarudi, ningejuaje?"

"Umeificha mpaka mwenyewe hukuiona! Huo sasa ndio ufichaji!"

Tulicheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe. Mama aliuchukua mkono wa Taraivini, akauweka mahali pale. Taraivini akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Ngozi haijui mkono wangu. Lakini mkono unamjua mtoto. Na yeye huko ndani ananigonga, namsikia. Namsikia vizuri."

Tukaomba kugusa mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika niliigusa ngozi ile, baridi ya maji, isiyojua kama kuna mtu ameigusa, na chini yake kabisa mtu akajigeuza. Mwalimu wetu wa darasa la sita alitueleza mwezi unavyovuta bahari. Hili hakutueleza.

Mtoto alikuwa msichana, Unaisi, naye alitolewa kwa kisu, kwenye mstari uleule. Nesi alikuwa amesema kweli, na Mama alimpelekea matikiti maji mawili kukiri hilo. Ganzi haikuondoka. Taraivini ana wajukuu sasa, na bado akiegemeza birika la moto tumboni lazima mtu amwambie.

Lakini siku ile majini Mama, kumbe habari ya meli ya Alhamisi alikuwa nayo, alimwuliza kitu kimoja tu. "Utakaa?"

"Nitakaa, Mama."

Akageuka kuelekea ufukweni, mikono yote miwili chini ya tumbo, akitembea polepole. Nasi tukamfuata nyuma, wanawake sita na wavu wetu, na hakuna aliyetaka kumtangulia.