Bastola Chini ya Baibui

Eda yangu ilikuwa imekwisha zamani, lakini funguo za duka bado zilikaa mfukoni mwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Mume wangu alipigwa risasi asubuhi akifungua duka letu la vitambaa, karibu na soko la Warwick. Nilipokuwa ndani nikikaa eda, shemeji ndiye aliyefungua na kufunga. Nilipotoka nikamwambia sasa anirudishie. Akacheka.

"Eish, shemeji. Pale hakuna mchezo. Majambazi wakija, wewe utafanya nini?"

Alijua vizuri kwamba nina bastola na kibali chake, na kwamba kila Jumapili nakwenda kwenye kiwanja cha shabaha nje ya mji. Nikamwambia aje aone kwa macho yake. Nikipiga kama mtu anayejua, funguo zangu. Nikishindwa, nitakaa nyumbani yeye aendeshe duka. Nilikubali masharti hayo haraka, kwa kiburi, maana nilikuwa najiona hodari. Sisi wafanyabiashara tuliojifunza pamoja tulikuwa na desturi ya kupasha mkono kwanza. Unapiga risasi za mwanzo ovyo, huku mnapiga soga, mpaka mkono uzoee, ndipo mnaanza kuhesabu. Kufikia hapo zangu zote zilikuwa zinaingia kifuani mwa mtu wa karatasi.

Jumapili hiyo nilifika nikitoka kwenye hitima, nimevaa baibui, mkoba begani. Nilitaka kwenda kubadilisha, nivae suruali kama kawaida. Mwalimu wetu, Mhindi mmoja aliyestaafu upolisi, akanizuia.

"Hivyo hivyo ulivyokuja, anti. Leo hakuna kubadilisha, hakuna kupasha mkono. Dukani unavaa nini?"

"Unanionea mbele ya shemeji yangu," nikamwambia.

"Nitahesabu ya kwanza tu. Zinazofuata ni starehe yako." Akapuliza filimbi.

Mkono ulikwenda kiunoni ukakuta kitambaa. Nikavuta, baibui likapanda juu pamoja na kamba ya mkoba, nikazidi kujifunga. Bastola ilipotoka nilifyatua kwa ghadhabu, risasi ikaingia mchangani mbele yangu. Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu.

Nilimchukia siku ile. Nilimchukia na mwalimu, na lile baibui. Nyumbani, nikiwa nakunja nguo, ndipo hasira ikanigeukia mwenyewe. Jumapili zote zile nilikuwa namfundisha mwanamke mwingine, mwenye suruali, anayejua kwamba filimbi inakuja, na mkono wake umeshapata moto. Huyo hafungui duka langu.

Nikampigia simu shemeji nikaomba mwezi mmoja. "Sharp, nimekubali," akasema, na kicheko bado kilikuwa kooni mwake.

Nilimpelekea baibui fundi Mkongomani anayeshona kandokando ya soko. Akanifungulia ubavuni na kutia vifungo vya kubana, bila kuniuliza ni vya nini. Kila asubuhi nilipoamka tu, kabla hata ya kunywa maji, nilivaa, nikatia mkoba begani, nikachomoa bastola ikiwa haina risasi. Mara moja tu. Nikikosea, kosa linabaki hivyo mpaka kesho, nami nakwenda kuchemsha chai nimenuna. Kiwanjani vilevile: nashuka garini, napiga moja, ndipo nasalimia watu. Wenzangu wakasema naringa.

Mwezi ulipokwisha shemeji akaja. Filimbi ikalia. Vifungo viliachia, mkoba nikauacha uanguke, na risasi ikamwingia mtu wa karatasi begani. Haikuwa nzuri, lakini ilikuwa ndani.

"Bahati hiyo," shemeji akasema. "Rudia."

"Sirudii."

"Moja tu, shemeji, nione vizuri."

"Mwizi naye ataniambia nirudie?"

Nikatoa risasi, nikaiweka bastola mahali pake, nikanyoosha mkono nipewe funguo. Hakutoa. Alikuwa anatazama lile tundu kwenye karatasi, na safari hii hakucheka.

"Mimi ndiye niliyemwosha kaka," akasema polepole. "Nilipaona risasi ilipoingilia. Sitaki kurudi makaburini kwa sababu ya mlango ule."

Nilikasirika kuliko siku aliyonicheka. Eda nzima nimelala na kuamka nikiamini kwamba huyu mtu analitaka duka, namlaani kimoyomoyo kila nikiswali, kumbe ni hofu tu, na ameificha nyuma ya dharau. Angeniambia maneno hayo siku ya kwanza, tungelia pamoja, na funguo ningemwachia kwa roho safi. Lakini alianza kwa kunicheka, na mimi nilikuwa nimeshazoea kuamka nikiwa tayari. Nikabaki nimenyoosha mkono mpaka akazitia kiganjani.