Dakika za Mwisho za Hango

Siku ambayo sijaweza kuisahau, mwanangu, ni ile tuliyomrudisha Hango kwa babu yake kule Mwankoko, amekaa nyuma ya mkokoteni wa punda, mguu mmoja umenyooshwa juu ya gunia la pumba. Upepo ulikuwa unavuma kama unavyovuma Singida, ule wa kukuondolea kofia ukaikimbilie. Lakini nikianzia kwenye mkokoteni nitakupoteza. Ngoja nirudi nyuma. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nikizunguka usinicheke, nitafika tu.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa. Nilikuwa napakia magunia kwenye ghala la ushirika pale mjini, na jioni nachezea timu ya mji, namba tisa, mfungaji. Nilikuwa na nguvu lakini pumzi haikunitosha. Kipindi cha pili kikifika katikati, miguu inakuwa kama si yangu. Mwalimu wetu wa timu, Mzee Sefu, ambaye zamani alikuwa askari na wakati huo alikuwa msimamizi wa mafundi wa barabara, alilijua hilo. Akasema, "Ntandu, wewe nakuhitaji mwanzo. Sasa nitafute mtu wa mwisho."

Tukapanda lori, mimi na yeye, hadi chuo kimoja cha ualimu upande wa Iramba, siku wanachuo wanacheza. Mzee Sefu alikaa juu ya jiwe, kimya, anatafuna muwa. Mimi macho yangu yalikuwa kwa vijana wakubwa wenye vifua. Mwishoni kabisa akaingizwa kijana mwembamba, shingo ndefu, kaptula inamzidi.

"Yule," akasema Mzee Sefu.

"Yule wa akiba? Mzee, si amewekwa nje kwa sababu hajui?"

"Acha kumwangalia yeye. Waangalie mabeki."

Nikawaangalia. Mwanangu, walikuwa kama mbuzi waliosikia harufu ya fisi. Wamechoka, na kijana ndiyo kwanza anaanza. Akafunga, akafunga tena, filimbi ikalia. Huyo ndiye Hango. Tukazungumza naye, akacheka sana, akasema kwao ni Mwankoko, amelelewa na babu yake, na ruhusa ya kuchezea timu ya mji likizo zote ikaombwe kwa babu.

Tukaenda. Babu yake, Mzee Msengi, tulimkuta shambani analimisha kwa ng'ombe. "Shikamoo, babu." "Marahaba." Hakusimama. Tukawa tunamfuata nyuma ya plau tunaongea na mgongo wake. Pembeni mwa shamba alifungwa ng'ombe dume mmoja kijana, anakula majani tu wenzake wakivuta. Nikauliza, maana mdomo wangu haukuwa na breki, huyu mbona halimi?

"Huyo ni wa kumalizia," akasema mzee. "Jua likikaa hapa," akaonyesha utosini, "hawa wanaanza kulala kwenye nira. Ndipo naingiza huyo, anamaliza matuta yaliyobaki kwa mbio. Mwakani nitamwingiza mapema kidogo. Nikimtia nira tangu alfajiri sasa hivi, bega litaharibika, na ng'ombe mwenye bega bovu anauzwa buchani."

Mzee Sefu akasimama. Akasema, "Mzee wangu, mjukuu wako namtaka kwa kazi hiyohiyo." Wakatazamana, wakacheka, wakashikana mikono. Ruhusa ikapatikana hapohapo kwenye tuta.

Likizo ile na zilizofuata, mji mzima ulimjua Hango. Sasa ujue jambo moja. Viatu vya mpira wakati ule vilikuwa vya timu, si vya mtu, navyo havikutosha. Mimi nikitoka, naketi chini, navua, Hango anavaa vikiwa bado vina joto la miguu yangu. Vilimzidi, akawa anajaza vitambaa mbele. Kila mara alisema, "Kaka Ntandu, umenipikia viatu vizuri." Nami nilimjibu, "Kavile huko, usimwage." Na akiingia, watu wanasimama kwenye yale mawe makubwa yanayozunguka uwanja. Mzee Sefu alikuwa amempangia: mwaka huu kipande cha mwisho, mwaka kesho nusu, halafu tutaona. Maana goti lake la kulia lilikuwa linavimba kila baada ya mechi. Asubuhi yake mzee alimpeleka ziwani Singidani akaloweke mguu kwenye maji yale ya chumvi, wale ndege heroe wako pale wanamwangalia. Kama maji yalisaidia sijui. Kupumzika ndiko kulisaidia.

Halafu Mzee Sefu akapata uhamisho. Serikali ilikuwa inajenga barabara mbali huko magharibi, akaambiwa aende, akaenda. Siku ya kupanda lori alinishika bega akasema, "Yule kijana asianzishwe." Basi. Hakusema lingine, na mimi ndiye peke yangu niliyeambiwa.

Timu ikabaki mikononi mwa kamati, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Kitundu, mtu wa ofisini, suti yake ya Kaunda imenyooka kama ubao. Sikwambii alikuwa mtu mbaya. Alikuwa analipia maji ya chai ya wachezaji mfukoni mwake. Lakini alikuwa ameyameza maneno ya wakati ule bila kuyatafuna. Katika kikao akasimama akasema:

"Nchi hii sasa ni ya wakulima na wafanyakazi. Mtu anakaa benchi, amejifunika shuka, wenzake wanatoka jasho. Wakishamaliza kazi yeye anaingia, anafunga, anabebwa juu juu. Jioni anakula wali sawasawa na waliofanya kazi. Ndugu zangu, mtu wa namna hiyo tunamwitaje?"

"Kupe!" mmoja akaropoka nyuma, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hango naye akacheka. Nilikuwa nimekaa naye, nikaona cheko limeishia kwenye meno.

Wewe hukuishi siku zile, kwa hiyo neno hilo kwako ni mdudu wa ng'ombe tu. Siku zile kuitwa kupe ilikuwa zaidi ya kuitwa mwizi. Mwizi angalau alitoka usiku akahangaika. Na jina lile halikubaki kikaoni. Mechi iliyofuata, watoto juu ya mawe wakawa wanamwimbia akiwa benchi: "Kupe amka! Kupe, ng'ombe amenona!" Ni watoto, hawajui. Wakubwa walijua na wakacheka.

Tena zikaja habari kwamba timu ya shirika moja la Dar es Salaam itatuma watu kuja kumwona. Timu za mashirika zilikuwa zinampa mchezaji kazi, nyumba, na mpira. Bwana Kitundu akarudi na neno lao: "Wamesema mtu wa kumalizia hawachukui. Wanataka kumwona anacheza mechi nzima. Kuanzia leo Hango anaanza kila mechi, azoee."

Nikasimama. Mwanangu, nilisimama. Nikasema, "Mwenyekiti, Mzee Sefu alisema asianzishwe. Goti lake halijakomaa. Tumpeleke kidogo kidogo."

Mlinda mlango wetu akasema, "Ntandu anatetea namba yake jamani, mwacheni!" Kicheko tena. Bwana Kitundu akaniambia kwa upole kabisa, na upole wake ndio uliniumiza, "Ndugu Ntandu, wivu si tabia ya kijamaa. Kaa chini."

Nikakaa.

Hapo ndipo pagumu, na nimepageuza kichwani miaka mingi bila kupata pa kushika. Kweli namba yangu niliitaka. Hango akianza, mimi nakaa benchi. Kwa hiyo nilichosema kilikuwa kweli, na tena kilikuwa na faida kwangu, na watu waliiona faida, kweli hawakuiona. Nikajiambia nikisema tena nitaonekana mbwa anayegombea mfupa. Nikanyamaza kwa aibu.

Jioni ile Hango alinifuata ghalani. Akauliza, "Kaka, na wewe unaniona kupe?"

"Mimi naona kijana anayevimba goti."

"Bora livimbe. Wakiniita kilema itanipita. Hiyo nyingine hainipiti."

Nilitaka kumwambia wewe mtoto mjinga. Badala yake nikampa gunia alikalie.

Akaanza kucheza mechi nzima. Mwanzoni watu wakafurahi. Kisha wakawa wanauliza mbona yule Hango wetu hayupo, maana mwanzo wa mchezo mabeki nao wana nguvu, na yule fisi wakawa wanamwona ni mbwa tu. Akawa anakimbia mara mbili kupata kile alichokuwa anakipata mara moja. Baada ya mechi hakwenda tena ziwani. Alikwenda shamba la kijiji kulima na wenzake, aonekane.

Siku ya wageni ikafika. Watu wawili, miwani myeusi, wamekaa kwenye viti karibu na Bwana Kitundu. Mimi niko benchi, peku, maana viatu anavyo Hango. Mapumziko alipokuja kukaa, goti lilikuwa limejaa kama boga. Nikaenda kwa mwenyekiti nikamwambia pembeni, "Nitie mimi." Akasema, "Wageni bado hawajaona kitu." Juu ya mawe mtu akapiga kelele, "Ntandu, rudi kwa magunia yako!" Nikarudi benchi.

Kipindi cha pili, wakati ule hasa ambao zamani alikuwa ndiyo anaingia, mpira ulipigwa juu, akaruka. Hakuna aliyemgusa. Alipotua mguu ulikwenda upande wake na yeye akaenda upande mwingine. Hakulia. Alikaa chini anashangaa kama mtu aliyeamshwa.

Tukambeba. Na kwa kuwa ilikuwa lazima mtu aingie, na viatu ni vile vile, mimi ndiye niliyemvua. Cha mguu wa kulia kilikataa kutoka, nikakata kamba kwa kisu. Yeye alikuwa ameuma kola ya fulana. Nikavivaa. Vilikuwa na joto. Hango akaniangalia, akasema, "Nimekupikia, kaka." Nikaingia uwanjani, na kama kuna mtu aliyecheza mpira huku analia hadharani Singida, ni mimi. Tulishinda au tulifungwa, niulize chochote kingine. Wale wageni waliondoka kabla ya filimbi.

Sasa tumefika kwenye mkokoteni. Baada ya hospitali kumfunga na kumfungua na kusema mguu hautakunjika tena sawasawa, tulimpeleka Mwankoko. Mzee Msengi alikuwa mlangoni. Nikasema shikamoo, hakuitikia. Alimshusha mjukuu wake, akamlaza ndani, kisha akatoka akanikalia mbele.

"Yule tuliyeshikana naye mikono kwenye tuta yuko wapi?"

"Alihamishwa, babu."

"Alimwachia nani maneno?"

"Mimi."

"Ukayasema?"

"Niliyasema kikaoni. Wakaniambia nina wivu."

"Ukasema mara ngapi?"

"Mara moja, babu. Na siku ya mechi nikajaribu kidogo."

Akasema, "Ng'ombe wakiingia kwenye mtama wa jirani, wewe unapiga kelele mara moja? Ukiambiwa unapiga kelele kwa sababu una mtama wako pale karibu, unanyamaza ng'ombe waule mtama?" Kisha akasema kwa Kinyaturu neno ambalo kwa Kiswahili ni kama: uliogopa jina lako kuliko mguu wake. Akainuka. "Nenda. Punda wako ana kiu."

Hakunipiga, hakunitukana. Afadhali angenipiga.

Hango hakurudi chuoni. Akakaa kwa babu yake, akawa mtu wa pombe ya mtama na maneno machache. Nilikuwa nakwenda kumwona. Watoto wa pale walicheza mpira wa matambara, na ukimfikia miguuni hakuupiga. Aliinama taratibu, mguu umenyooka, akauokota kwa mikono, akawapa. Kila mara kwa mikono. Alifariki bado si mzee. Mzee Sefu hakurudi, na nashukuru, maana ningemwambia nini?

Mwanangu, siku hizi wanakuja huku kwetu Mandewa vijana wenye pikipiki na filimbi shingoni, wanachagua watoto. Mtoto akionyesha kipaji kidogo wanataka chote leo leo. Nimewaeleza habari za Hango. Wananiitikia "ndiyo, babu," wanawasha pikipiki. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba maneno yangu yana nguvu. Hayana. Lakini nakuambia hivyo hivyo.

Siku nawe ukichagua kijana, mchukue kwa kile ulichokiona siku ya kwanza, na ukimkuza, mkuze kwa kipimo cha mwili wake, si cha haraka za wageni. Anayefanya kazi kipande kifupi vizuri amefanya kazi. Usimcheke anayengoja zamu yake, maana kicheko kinaweza kumtoa mtu kwenye benchi na kumtia kwenye mkokoteni. Na ukiijua kweli, hata kama ina faida kwako, hata wakikuita mwenye wivu, iseme, ukizomewa iseme tena, mpaka wakufukuze. Sijui kama ingemwokoa Hango. Huenda isingemwokoa. Ila leo ningelala.

Nenda basi. Mungu akukomaze magoti yako kabla ya mizigo yako. Akupe mtu wa kukupigia kelele mara ya pili, na siku mwingine akihitaji kelele hiyo, Mungu akuachie sauti ya kuipiga.