Nazi Niliyomrudishia Bibi

Hii ya nazi nilishaapa sitaisimulia, lakini pale Mchikichini ninapouza viatu vya mitumba kila mtu anayo ya kwake, wengine wanasema nilikuwa nimelewa, sasa bora aibu yangu niibebe mwenyewe ikiwa nzima.

Wiki ile nilikuwa situlii. Nilimfungia mteja mguu wa kushoto namba arobaini na wa kulia arobaini na mbili, kwa sababu kichwani nilikuwa na Neema tu. Baba yake ana duka la vyombo Mtaa wa Msimbazi, na Neema alikuwa amekubali Jumapili tutembee ile njia ya pembeni ya bahari, kuanzia Feri kwenda mbele (kutoka kwetu ni mwendo wa miguu tu, lakini sisi wa Kariakoo bahari tunaijua kwa harufu ya samaki). Nilipanga nimwambie nampenda. Saa kumi na mbili alitakiwa awe nyumbani, na saa kumi na moja na nusu mimi bado namweleza habari za soli.

"Mbona hutulii?" akaniuliza. "Kila saa unapangusa mikono kwenye suruali."

"Upepo," nikajibu. (Upepo na mikono wapi na wapi.)

Basi mbele yetu, kwenye ule ukuta mfupi, alikuwa amesimama bibi mmoja wa Kihindi na mwanaye wa makamo, na bibi ameshika nazi. Mara nazi hiyo, majini. Mimi nina huruma, na pia, nisidanganye, niliona hapa ndipo Neema atajua mimi ni mwanaume wa aina gani, kwa hiyo sikuuliza mtu, nikaruka ukuta, nikateleza kwenye mawe, nikaingia majini na viatu vyangu vya kuchagua kwenye robota la mitumba, nikaikamata nazi na kumpelekea bibi kwa mikono miwili.

"Shikamoo bibi. Nazi yako hii."

Bibi akarudisha mikono nyuma. Nazi ilikuwa imefungwa uzi mwekundu, na ndiyo kwanza nauona.

"Kaka," mwanaye akasema polepole, "haikudondoka. Mama ameitoa sadaka kwa bahari, anamuombea mwanangu. Kesho anasafiri kwenda kusoma."

"Nimeomba afike salama," bibi akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. "Wewe umemrudisha nyumbani hata ndege haijaruka."

Vijana waliokuwa ukutani wanakula mihogo wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Mwenye akili angeomba radhi akaondoka zake. Mimi nikasema, "Naipeleka tena, bibi," nikaitupa kwa nguvu zangu zote, na wimbi likairudisha miguuni pangu kama imesahau kitu. Nikatupa tena. Ikarudi tena.

"Mwanangu, acha," mmoja wa ukutani akaniambia. "Huyo mjukuu hajapata viza."

Nikamtazama bibi. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya sari yake, na nikaona kwake huu si utani hata kidogo. Nikaikumbatia nazi, nikaingia nayo hadi kifuani (kuogelea sijui, ningejifunzia wapi Kariakoo, kwenye ndoo?), nikaisukuma nje ya mawimbi, ikashika njia, ikaenda. Bibi akakutanisha viganja. Halafu mimi nikakanyaga pasipo na chini, wimbi likanibeba na kunibiringisha kama furushi kurudi kwenye mawe.

Nilipoibuka nakohoa, kuna mkono umenikamata kola. Neema, gauni limelowa.

"Nakupenda," nikamwambia, maana nilijua ndiyo nakufa, na maji ya chumvi yakanitoka puani mbele yake.

"Najua. Mtaa mzima unajua. Sasa simama, hapa maji ni ya magotini."

Alifika kwao saa moja na nusu, gauni linachuruzika, na baba yake amenipiga marufuku kukanyaga mbele ya duka lake, mimi na huruma zangu. Kwa hiyo nimeapa, mtu akidondosha chochote mbele yangu, nitamuuliza kwanza kama amekusudia. Neema anasema kiapo hicho sifiki nacho wiki. Ananiambia kwa simu, amejificha stoo nyuma ya masufuria, kwa sauti ndogo, baba yake asisikie.