Nilivyomlilia Mzee Maganga Akiwa Hai

Nilipostaafu ualimu Kisarawe nilidhani nitapumzika. Kumbe nilikuwa nawachosha kuku kwa kuwapanga mstari. Binti yangu akanitafutia safari: kikundi cha akina mama huko Uyui, Tabora, kinawafundisha kilimo na stadi za maisha watoto walioacha shule, nao walihitaji mwalimu wa wiki mbili. Nikafunga mbegu za mchicha pamoja na somo ninaloringia, Namna ya Kusema Hapana.

Basi lilifuata, kwa sehemu kubwa, njia ya misafara ya zamani. Njia hiyo ndiyo iliyotufanya Wazaramo na Wanyamwezi kuwa watani: wao walishuka pwani na mizigo kichwani, sisi tukawacheka, nao wakatucheka. Hadi leo mtani hukutukana hadharani, na ukikasirika aibu ni yako.

Tabora nililala kwa ndugu zangu Gongoni. Asubuhi nikapanda gari hadi Isikizya, kisha bodaboda hadi kijijini. Mama Nyamizi, kiongozi wa kikundi, alinipokea akiwa na jembe begani.

"Karibu, Mwalimu. Watoto walikuwa tisa. Leo wako wanane."

Wa tisa ni Kabula, msichana wa miaka kumi na mitatu. Mjomba wake, Mzee Maganga, alikuwa anaondoka naye kesho yake kwenda kambi ya tumbaku, msimu mzima, akachochee moto kwenye bani, kibanda cha kukaushia majani.

"Mmemwambia?"

"Mpaka mate yametukauka. Anasema tunaingilia nyumba yake. Sisi majirani tukizidi, ni ugomvi."

"Mimi si jirani," nikasema. "Mimi ni Mzaramo."

Mama Nyamizi aliniangalia, kisha akafunga kanga yake kiunoni.

Kesho yake saa mbili asubuhi tulimkuta Mzee Maganga uani, anakohoa huku akifunga mzigo kwenye baiskeli. Nikajitupa chini.

"Maganga jamani! Maganga ametutoka!"

"Nani amekufa?" akauliza.

"Marehemu, usiingilie msiba wako!"

Msibani mtani ana kazi yake: humwigiza marehemu na hudai urithi. Nikamvua kofia, nikaivaa, nikaiga kikohozi chake. "Mimi Maganga, kifua changu kimechoka, sasa mpwa wangu atavuta moshi kwa niaba yangu!" Ua ukajaa watu. Jirani mmoja akatandika mkeka, mwingine akauliza kaburi linachimbwa wapi. Mwanamke mpita njia alilia kwelikweli, tukashindwa kumnyamazisha. Maganga naye alicheka, atafanyaje? Lakini mkono wake haukubanduka kwenye baiskeli. Nikaogopa kwamba tutacheka wote, halafu ataondoka na mtoto.

"Sasa urithi," nikasema. "Baiskeli sitaki. Namrithi Kabula."

Kabula alikuwa amekalia kifurushi cha nguo zake mlangoni. Akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu. Hapana, sirithiwi." Akamgeukia mjomba wake. "Shikamoo, Mjomba. Na kambini siendi. Nabaki kwa Mama Nyamizi, nalima."

Kicheko kikakatika. Hata yule mpita njia akanyamaza. Mzee Maganga akawatazama watu, akautazama mkeka, akakohoa kikohozi chake mwenyewe.

"Basi," akasema hatimaye, "marehemu ataenda peke yake."

Akadai kofia yake, akaondoka.

Siku zilizobaki nilipanda mchicha kwenye ardhi tambarare, watoto wakanihurumia wakaniinulia matuta. Kabula ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Somo la Hapana sikulifundisha, niliona aibu. Mtoto yule hakuwahi kulisikia, na neno alikuwa nalo siku zote. Alichokosa ni ua uliojaa watu wa kumsikia akilisema.

Sasa niko Kisarawe. Juzi Mama Nyamizi alipiga simu, sauti imechoka.

"Mwalimu, Kabula amekataa kumwagilia. Amekataa na kuosha vyombo."

"Mwache leo akatae, dada yangu," nikamwambia. "Kesho ataosha."