Malkia wa Perm na Mfuko wa Viazi

Katika jumba letu la baleti hapa Perm, Urusi, Rimma Savelyevna alikuwa malkia kwa ajira. Kucheza alishaacha kitambo. Kila onyesho aliingia jukwaani, akaketi kwenye kiti cha enzi, akamwonyesha binti mfalme kidole cha pete, yaani utaolewa lini, kisha akatoka kwenda kunywa chai. Usicheke. Jaribu wewe kukaa wima jioni nzima na taji la bati kichwani.

Alikuwa ameiona baleti ikigeuka na kugeuka tena. Mwalimu wake wa kwanza alishikilia kwamba mguu ukipita kiuno, hiyo ni sarakasi. Ikaja enzi ya wanaume wenye misuli, wakibeba wasichana juu kwa mkono mmoja pamoja na bendera na miganda ya ngano, na Rimma alibebwa kwelikweli. Halafu miguu ikaanza kugusa masikio. Sasa amekuja Gleb, mtunzi kijana wa dansi kutoka Moscow, amewavua watu viatu na kuwagaragaza sakafuni. Mchezo wake mpya hauna mfalme wala malkia.

“Rimma Savelyevna, nimebakiwa na sehemu moja,” Gleb alimwambia. “Mama anatoka sokoni na viazi, anakatiza mtaa, basi. Ukiiweza ni yako.”

“Nisipoiweza?”

Jibu alilijua mwenyewe. Asipoiweza ni pensheni, akae nyumbani na paka, na paka mwenyewe ana dharau.

Mazoezini wachezaji walisimama ovyo kama watu wa mtaani. Rimma akaingia na mfuko wa wavu uliojaa viazi. Umati mzima ukagawanyika pande mbili, ukainama.

“Nani kawaambia mwiname?” Gleb akafoka.

“Hakuna,” msichana mmoja akajibu, uso umemwiva. “Mgongo umeinama wenyewe.”

Wakarudia. Wengi walijizuia, ila kule nyuma kuna aliyepiga goti.

“Rimma Savelyevna, tembea tu!”

“Si ndiyo natembea, mwanangu?”

“Hutembei, unatawala!”

Watu wakaangua kicheko. Rimma hakucheka, kicheko kile kilimuuma. Wiki nzima alijifunza kujikunja kama mtu wa kawaida kwenye kituo cha basi, hadi akina mama wakamuuliza kama anaumwa tumbo. Akirudi jukwaani, mgongo unanyooka wenyewe. Mwishowe akasimama katikati, machozi yakimlenga.

“Yamenishinda. Sijui kuwa mtu wa kawaida. Niruhusu niage.”

Akaaga kwa heshima ya kizamani, mikono chini, goti likilia, akainama hadi karibu na sakafu. Hakuna aliyewahi kumwona akiinama. Jukwaa letu, kama yote ya zamani, lina mteremko. Mfuko aliokuwa ameushika ukapinduka, viazi vikatoka mbio kuelekea shimo la wanamuziki mbele ya jukwaa.

“Mnakwenda wapi, washenzi nyie!” Rimma akapiga kelele. Akavikimbilia kwa magoti, sketi kombo, nywele usoni, kiazi kimoja kwapani, kingine nusura kiingie mdomoni. “Rudini! Nimepanga foleni kuwanunua!”

“Hapo hapo!” Gleb aliruka kitini. “Sehemu ni yako! Usibadilishe kitu!”

Wachezaji walikuwa wameshapiga magoti wote, wakikamata viazi na kurushiana. Safari hii Rimma alikuwa kule chini pamoja nao, akicheka hadi mbavu zikamuuma, na hakuwa na haraka yoyote ya kuinuka.