Daftari la Hukumu kwenye Uwanja wa Kahawa

Nianze kwa kumshukuru Mungu, Nyamuhanga wa babu zetu, aliyeuinua mlima wa Rwenzori na kuuvika theluji bila kuomba msaada wa mtu, na aliyenihifadhi mimi Kabugho hadi nikaziona mvi zangu na watoto wa watoto wangu. Sifa ni zake kwa mema niliyoyatenda na kwa niliyoyakosea pia, maana hata kosa, likitiwa mikononi mwake, huwa darasa.

Vitabu vya utoto wangu vilinuka samaki. Nasema hivyo bila utani. Pale soko la Bwera, mji wetu wa mpakani mwa Uganda na Kongo, palikuwa na mama mmoja muuza samaki, Mwislamu mcha Mungu ambaye sote tulimwita Hajati, na ngege zake, samaki wapana wa ziwani, zilizokaushwa kwa moshi zilitoka Hamukungu, kwenye Ziwa George. Karatasi za kufungia alizinunua kwa wachuuzi waliovuka mto Lhubiriha kutoka Kongo, na ndani ya marobota yale ya magazeti makuukuu mlikuwa na vitabu vya katuni, hadithi za picha zenye maneno ya Kifaransa ambayo hakuna mtoto kwetu aliyeyajua. Mama akinituma samaki, nilikuwa nikimwomba Hajati anifungie kwa karatasi yenye picha. “Wewe unakula samaki ama unakula karatasi?” alikuwa akiniuliza, lakini alinichagulia. Nikifika nyumbani nilifuta mafuta kwa majivu, nikauanika ukurasa juani, kisha nikakaa nao hadi bundu, ugali wetu wa mihogo, ipoe kwenye sahani. Tatizo lilikuwa moja: ukurasa ulikuwa mmoja. Mtu amening'inia kwenye mwamba, mkono unateleza, na yanayofuata yamekwenda kufungia samaki wa jirani.

Ndipo nikapata wazo. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mkaidi kama mbuzi wa mlimani. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaambia watoto wenzangu walete kurasa zao tuziunganishe. Mahali tulipata kwenye uwanja wa parokia wa kuanikia kahawa, ambao hukaa mtupu kati ya mavuno na mavuno. Jumamosi ya kwanza tulikuwa saba. Tulitandika mikeka ya kahawa, tukaweka kurasa zetu na jiwe juu ya kila moja kwa sababu ya upepo wa mlima, tukaanza kutafuta ukurasa gani unafuata upi. Palipokosekana ukurasa, tulichora wenyewe. Baada ya wiki chache, za kuchora zilizidi za kuokota, nami nikaweka sheria: hakuna kuja kutazama tu. Kila anayeingia uwanjani alete ukurasa wa mkono wake na akae nyuma yake. Tukaiita Siku ya Kurasa. Watoto walikuja kutoka mitaa yote ya Bwera, na hatimaye hata kutoka Karambi, mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mtoto.

Mimi sikuwa mchoraji hodari. Nilichokuwa nacho ni jicho, na ulimi. Nilipita mkeka kwa mkeka, halafu nikaandika maoni yangu kwenye daftari lililoning'inizwa kwa uzi kwenye mlango wa ghala ya kahawa. “Mlima huu umechorwa kama kiazi, anayeupanda anacheka badala ya kuogopa.” “Mama huyu analia, lakini mikono yake inaonyesha anapepeta mtama.” Watoto walisukumana kulisoma. Mwenye kusifiwa alitembea wiki nzima kifua mbele, na mwenye kukosolewa alirudi Jumamosi iliyofuata na mlima ulio mlima. Nilijiona nimefika. Wahenga husema maneno makali hayavunji mfupa, na mimi niliwaamini, hadi niliposikia mfupa ukivunjika.

Hapa yanipasa kumweleza msomaji asiye Mkonzo, asiye wa kabila letu, jambo moja. Sisi humwita mtoto kwa nafasi yake ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, na wa tatu ni Kabugho, kama mimi. Kwa hiyo ukisimama kwenye kilima chochote cha Bukonzo ukaita Bwambale, nusu ya kilima itageuka. Mtoto wa kwetu hulijua jambo hili kabla ya kujua kuvaa viatu. Nami nililijua.

Jumamosi moja mvua ilitukimbiza kabla sijapita mikeka yote. Nilipokusanya kurasa zilizobaki, chini ya jiwe moja nilikuta mchoro wa ajabu, mistari imenyooka, simba yuko tayari kuruka. Pembeni pameandikwa Bwambale. Nikafurahi, kisha nikashtuka, kwa maana simba yule nilikuwa naye nyumbani, kwani kitabu kimoja huweza kuja nakala mbili tatu ndani ya marobota yale. Nilikwenda nikaweka ukurasa wa Kongo juu ya huu, nikaziinua kwenye mwanga wa dirisha: ukucha kwa ukucha, alikuwa simba yuleyule. Karatasi ile ilikuwa imepakwa mafuta ya samaki ikawa kama kioo, ikawekwa juu ya picha, ikafuatishwa. Damu ilinichemka. Kwa jina la Bwambale nilimfikiria mmoja tu, mvulana wa pili wa katekista wetu, mwalimu wa dini pale parokiani, kijana mpole aliyekaa mkeka wa mwisho na ambaye wiki tatu hakuwa ameonyesha kitu kipya. Nikaandika kwa herufi kubwa: “Bwambale wa katekista ameiba kazi ya mtu. Amri ya Saba: Usiibe.”

Kufikia Jumatatu jina lake lilikuwa limebadilika. “Amri ya Saba anapita! Ficheni kalamu!” watoto walipiga kelele njiani. “Amri ya Saba, baba yako anafundisha ngapi? Sita?” Yeye alinijia mara moja tu, kisimani. “Kabugho, ile simba haiko yangu. Yangu iko nyumbani, haijaisha.” Nikamjibu kwamba wezi wote husema hivyo. Baadaye dada yake alinieleza kwamba alizitupa kalamu zake chooni.

Kisha akaja baba yake. Nilitarajia fimbo, lakini alivua kofia, akamsalimu mama yangu, akaomba kiti.

“Kabugho, wewe ni mutoto wa kanisa. Ulimuona akichora?”

“Hapana, baba.”

“Ulimuona akiweka?”

“Hapana.”

“Basi umeshuhudia nini?”

Akasema kwa sauti ileile ya kufundishia katekisimu kwamba uwanja ni wa parokia na ufunguo anao yeye, na kwamba ameufunga. “Sifungi kwa sababu ya mutoto wangu. Kama ni yeye, nitasimama naye mbele ya watu aombe musamaha. Kama haiko yeye, nani atamurudishia jina lake? Jumamosi mbili zinabaki, halafu kahawa inaiva na uwanja hauko wenu tena. Mukifunga hivi, mumefunga kabisa.” Akavaa kofia yake, akaenda.

Nililia, na nakiri kwamba mwanzoni nililia kwa ajili ya uwanja, si kwa ajili ya Bwambale. Mama aliniacha nimalize. “Mulango uliofunga kwa mudomo,” akasema, “ufungue kwa miguu.” Kisha akarudi kutwanga majani ya mihogo ya sombe yake. Nikakumbuka watoto wa Karambi waliokuja Jumamosi ile kwa mara ya kwanza na kuondoka mapema kwa kuogopa mvua. Jumamosi moja ikapita uwanja umefungwa. Jumapili baada ya misa niliukunja ukurasa wa simba, nikaanza kupanda.

Kumtafuta Bwambale Karambi ni kama kutafuta punje fulani ya mtama ghalani. Nyumba ya kwanza mama aliyekuwa akimenya mihogo alinicheka hadi kisu kikamwanguka. “Kila nyumba hapa iko na Bwambale, mutoto wangu. Huyu wetu ndiye huyu mugongoni, iko na miezi sita. Kama ni yeye aliiba, mukamate.” Nyumba ya pili Bwambale alikuwa mzee asiye na meno. “Bwambale ni mimi,” akasema. “Mumenigundua leo? Niliiba mwaka gani?” Nyumba ya tano walinipa ndizi ya kuchoma, nyumba ya nane waliniachia mbwa. Jua likainama nami sijapata kitu. Nikarudi katikati ya juma baada ya shule, nikarudi tena, miguu imevimba, mdomo umenyamaza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nilikuwa nikijiambia kila kilima, na kila kilima niliongeza sala.

Siku ya nne nilimkuta nyuma ya jiko la bibi yake, vidole vinang'aa mafuta ya samaki. Alipouona ukurasa mkononi mwangu alitaka kukimbia, lakini njia nilikuwa nimeiziba mimi.

“Ni wewe?”

“Munanipeleka kwa polisi?”

“Kwa nini ulifuatisha?”

Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kijinga. “Si nyinyi mulisema bila karatasi mutu haingie? Mimi sijue kuchora. Nilitaka kuingia tu, nione.”

Nilikaa chini kwenye kuni. Sheria ilikuwa yangu. Hukumu ilikuwa yangu. Na hapo katikati nilikuwa nimewasaga watoto wawili wenye jina moja. Nikamwomba aje Jumamosi. “Watanipiga,” akasema. Nikamwambia kama kuna kupigwa, nitasimama mbele mimi.

Jumamosi ile ya mwisho, nilipokwisha kumweleza, katekista alifungua uwanja, ila hakuturuhusu kutandika mikeka. Watoto walisimama. Mwanawe alisimama nyuma kabisa, mikono mifukoni. Nikaleta daftari, nikasoma kwa sauti nilichokuwa nimeandika, neno kwa neno, na ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Kisha nikamshika mkono Bwambale wa Karambi, nikasema: “Ukurasa ni wa huyu. Hakutaka kuiba, alitaka kuingia, na mlango nilimfungia mimi. Bwambale wa katekista hakuchora simba. Nilishuhudia juu yake kitu ambacho sikukiona. Yeye haiko Amri ya Saba. Mimi ndiye Amri ya Nane: Usishuhudie uongo.”

Halafu sauti moja kutoka katikati ya watoto: “Amri ya Nane, na mulima wangu wa kiazi uko amri ya ngapi?” Uwanja mzima ukaangua kicheko, na katekista mwenyewe akageuka kuficha uso. Akasema tutandike. Tangu siku hiyo kila ukurasa uliandikwa jina la mchoraji, la baba yake na la kilima chake, na asiyejua kuchora aliruhusiwa kuingia, akafundishwa pale pale. Bwambale wa katekista hakunisamehe siku ile. Alitazama, akaondoka. Kahawa ikaiva, ikafunika uwanja. Mavuno yalipokwisha ndipo alipokuja na kitu alichokichora kwa kaa la jikoni, akakiweka mbele yangu bila salamu, akasema, “Andika.” Nikamuuliza kwanza. Nikamuuliza maswali hadi akachoka, ndipo nikaandika.

Siku ya Kurasa iliendelea miaka mingi, na jina la Amri ya Nane lilinifuata hadi nilipoolewa. Leo mjini Kasese vijana hukutana ukumbini kwa ajili ya katuni, nyingi za Kijapani, kwenye simu zao, na wengine huvaa kama watu wa hadithi hizo. Mjukuu wangu ni mmoja wao. Ameniambia kwamba huko Japani pia alikuwako msomaji mwenye jicho kali aliyeandika juu ya katuni, kisha na wenzake wakawapangia meza wale wanaochora wenyewe, waonyeshe kazi zao. Nilifurahi. Mungu hupanda mbegu moja katika mashamba mengi. Kurasa wanazosoma watoto hawa kwa siku moja sisi tusingezikusanya kwa utoto mzima, na hazikatiki katikati mtu akiwa amening'inia. Siwaonei wivu, nashukuru. Ila huwaona wakiandika kwa kidole kimoja, haraka, kwamba fulani ni mwizi, fulani hajui kitu, na huyo fulani yuko nchi wasiyoweza hata kuitaja. Mimi niliyemkosea alikuwa kisimani kwangu, na shahidi wa kweli alikuwa vilima vichache tu. Niliweza kutembea. Wao watapanda njia ipi?

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akujalie jicho la kuona vizuri na subira ya kuuliza kabla ya kusema. Na ukimkosea mtu, akuwekee nyumba yake mahali ambapo miguu yako inaweza kufika. Amina.