Ijumaa ya Kuhesabiwa

Earline Pettway anapika katika shule ya serikali ya mtaa wetu, huku kaskazini mwa Milwaukee, tangu enzi ambazo viwanda bado vilikuwa na kazi ya kuwapa waume zetu. Jumapili huvaa nguo nyeupe na glavu nyeupe, akasimama mlangoni mwa kanisa la Mchungaji Tolliver kuwaonyesha watu pa kukaa. Mimi naishi ng'ambo ya barabara, na humo kanisani siku hizi siingii. Mkimaliza kusoma mtajua kwa nini.

Earline anamlea mjukuu wake, Nyeisha. Mtoto mchangamfu, mcheshi, lakini herufi zilikuwa zinamgomea. Darasa la tatu, na bado "paka" alilisoma kwa kulivizia. Pale shuleni kwa bibi yake kulikuwa na Bi Kowalke, mwalimu wa kusoma, ambaye alimtoa darasani mara mbili kwa juma wakakaa wawili tu. Ilisaidia kidogo kidogo. Earline alitaka isaidie haraka.

Ndipo Mchungaji akatangaza madhabahuni kwamba shule ya kanisa, Mwanga wa Sayuni, ina nafasi. Jimbo letu lina utaratibu huo siku nyingi: mzazi asiye na uwezo anachagua shule ya binafsi, na pesa ya serikali inamfuata mtoto huko. Madarasa madogo, alisema Mchungaji, na kila mtoto anajulikana kwa jina. Earline alilia pale pale mlangoni, na glavu zake.

Jikoni, mwenzake Delphine hakumwachia.

"Kumbe chakula chako kinawafaa watoto wa wenzio tu, mjukuu wako hakimfai!"

"Chakula kinamfaa. Kusoma ndiko kunakomshinda."

"Na akiondoka, anaondoka na hela yake, unajua?"

"Ni hela ya mtoto, Delphine. Si yako, si yangu."

"Haya, Malkia wa Sayuni. Utatukumbuka."

Sasa, huku kwetu hesabu ya wanafunzi inafanywa Ijumaa ya tatu ya Septemba, na kila mtoto aliyehudhuria siku hiyo shule yake inapewa pesa ya serikali kwa kichwa chake. Ukitaka kujua Ijumaa hiyo ni ipi huna haja ya kalenda, sikiliza tu shule zinavyoimba. Hii inagawa pizza, ile inapiga muziki, nyingine inachezesha bahati nasibu ya baiskeli. Watoto ambao mwaka mzima hakuna anayewauliza wamelala wapi, siku hiyo wanafuatwa na gari hadi mlangoni.

Septemba hiyo hiyo ndiyo magugu ya viwanja vitupu huchanua, na pumu ya Nyeisha huamka. Ijumaa yenyewe mtoto alikuwa anapumua kwa filimbi. Mchungaji alipiga simu mwenyewe, asubuhi.

"Mama Earline, leo asikose hata mmoja."

"Pumu imembana, Mchungaji. Nilitaka alale."

"Aje ahesabiwe tu, kisha umchukue. Tunajenga nyumba ya Bwana, Mama."

Nilimwona Earline anavuka barabara na mtoto aliyemvika koti lake mwenyewe la kanisani, koti kubwa jeupe lililoburutika chini, na kipulizio cha pumu mkononi. Nilimpigia kelele kutoka barazani amrudishe ndani. "Mchungaji ameomba," akanijibu. Huko Nyeisha alikohoa hadi akatapika mbele ya maputo na pizza. Mchungaji alimfuta kidevu kwa leso yake mwenyewe, na Earline alinisimulia jambo hilo kwa fahari kwa wiki nzima.

Majani hayajamaliza kuanguka, akaitwa. Aliyemwita ni Camille, binti wa Mchungaji, ndiye mkuu wa shule.

"Nyeisha anawachelewesha wenzake, Mama Earline. Hatuna mwalimu wa watoto wa namna yake."

"Namna gani?"

"Wanaohitaji msaada zaidi."

"Niliwaambia toka Juni kwamba hasomi. Mkasema nimlete!"

"Hatumfukuzi, Mama. Tunakushauri tu umtoe kwa hiari yako."

"Na ile hela yake?"

"Ile ya muhula huu imeshapangiwa kazi."

Kisha Camille akamshika mikono wakaomba pamoja, Bwana amfungulie mtoto mlango mwingine. Na Earline akaitikia amina! Nilipoambiwa nilitamani kuvunja kitu. Mwanamke aliyemzika mumewe kutoka kanisa lile, aliyewapangusia viti miaka yote, alitolewa kwa sala, naye akashukuru.

Nyeisha akarudi shule ya mtaa. Bi Kowalke hakuwepo. Watoto waliohesabiwa Ijumaa ile walipungua, wengi wamehamia kwa akina Tolliver, pesa ikapungua, na nafasi ya mwalimu huyo ikafutwa. Delphine, mwenye neno kwa kila jambo, siku hiyo alimpa Earline trei za kuosha, basi.

Jumapili iliyofuata Mchungaji alionyesha gari jipya la shule. Watu walipiga makofi. Earline alipitisha sahani ya sadaka safu kwa safu, glavu nyeupe, macho mbele. Mimi niliondoka katikati ya wimbo. Nilimuuliza baadaye anakaaje mle.

"Niende wapi, mwenzangu?" akasema. "Watu wangu wote wako mle."

Mwaka ukazunguka. Ijumaa ya kuhesabiwa ikafika tena, na magugu, na pumu. Safari hii mkuu wa shule yetu ndiye aliyebisha hodi kwa Earline, mama mzuri, uso umemsawijika, akaomba Nyeisha aje ahesabiwe: wakiongezeka watoto wachache tu, huenda mwalimu wa kusoma akarudi. Nilikuwa jikoni kwa Earline, nikaona anavyoutazama mlango wa chumba cha mtoto.

"Leo hapati mtu pesa kwa pumzi ya mjukuu wangu," akasema. "Atabaki kitandani."

Lakini mlango ulifunguka. Nyeisha alikuwa amesimama ndani ya lile koti jeupe, kifua kinapiga filimbi, viatu vimefungwa kombo.

"Nipeleke, Bibi," akasema. "Leo ndiyo siku wanayonitaka."

Earline alipiga magoti sakafuni akaanza kumvua viatu. Kamba hazikufunguka.